Chuma Namba 4417

Kwanza niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya: mimi sina malalamiko. Nchi yetu ya Shwari ni nchi nzuri, na mimi ni mtumishi wake mwenye cheo. Ni Msajili Msaidizi katika Idara ya Starehe Zilizoidhinishwa, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Ukija usigonge, usukume kwa bega, maana bawaba zimekufa tangu uzinduzi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba wananchi wanastarehe kwa mujibu wa sheria.

Starehe zilizoidhinishwa ziko kumi na moja. Kufuga njiwa ipo. Kusuka mikeka ipo, mradi mkeka usiwe na maandishi. Kutembea kwa miguu ipo pia, ila watu wasizidi wawili na wasiwe wanaongea. Ya tisa ndiyo inayotuhusu leo: kusaka sarafu na vyuma vya kale ardhini kwa kutumia mashine.

Mashine yenyewe nadhani mmeiona. Ina mpini mrefu na sahani huku chini. Ukiipitisha juu ya chuma kilichofukiwa, hulia tiii. Shehena nzima ililetwa na shemeji yake Mtukufu, Baba wa Utulivu, ambaye aliuziwa akiambiwa ni za kufyekea majani. Zilipogoma kufyeka, Mtukufu mwenyewe alitokea kwenye televisheni, kavaa buti jipya, akapitisha moja kwenye bustani ya Ikulu. Mara tiii! Wakachimba. Ikatoka sarafu ya miaka mia saba, ina sura ya Mtukufu pamoja na miwani yake. Taifa zima likapiga makofi. Kumbe ametutawala miaka yote hiyo na sisi hatuna habari! Kesho yake starehe ya tisa ikaidhinishwa.

Sheria ya Vitu vya Kale ni fupi. Ibara ya kwanza inasema kila kinachotoka ardhini ni mali ya taifa. Ibara ya pili inasema hakuna kinachotoka ardhini chenye umri chini ya miaka mia tatu, kwa kuwa tangu nchi ipate utulivu hajatokea mtu mwenye sababu ya kufukia kitu. Nimeisoma mara nyingi na sijaona pa kuikosoa.

Basi, Jumanne moja akaingia Bi Mwanahija Vuai. Hakuusukuma mlango kwa bega, aliuinua kidogo kisha akausukuma, na ukafunguka kimya. Miaka tisa nipo pale sikuwahi kujua kwamba unafunguka hivyo. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, amestaafu, mikono yake imejaa makovu ya masufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Nikampa Fomu Namba Tisa. Swali la kumi na nne linauliza: *Unatarajia kupata nini?* Watu wote huandika "sarafu". Yeye aliinama akaandika polepole, herufi kubwa kubwa: *Kipande cha chuma, urefu wa kiganja, matundu sita, skrubu sita, namba 4417.*

"Mama, hapa andika sarafu tu. Ndivyo watu wanavyoandika."

"Sitafuti sarafu, mwanangu."

"Sasa hiki chuma ni cha nini?"

"Alitiwa mwanangu mguuni," akasema, na akatoa kwenye mkoba kadi ya hospitali, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe.

Mwanawe aliitwa Machano. Alikuwa kijana wa kupanda mapaa ya watu. Siku moja alikuwa juu ya bati la jirani anageuza antena ili wenzake waone mpira vizuri, wao wako chini wanapiga kelele, "Hapo hapo! Rudisha! Hapana, pale pa mwanzo!" Akarudisha pa mwanzo na bati likaisha. Mguu wa kulia ukavunjika mara mbili. Hospitali ikamtia chuma, ikamwandikia kadi, na mwaka uliofuata alikuwa anatembea vizuri tu. Alitembea mpaka kwenye mkutano wa hadhara wa Utulivu. Hotuba ilipoingia saa ya tano, Machano akanyoosha mkono akauliza, "Samahani, mkutano utaisha saa ngapi?"

Jioni ile walikuja kumchukua wakampe jibu.

Hiyo ni miaka kumi na tisa sasa. Katika daftari la taifa ameandikwa *Amesafiri*. Na ni raia mwema huko aliko, kwa sababu kila uchaguzi kura yake huwa ya kwanza kuingia.

"Nataka kumzika," Bi Mwanahija aliniambia. "Avishwe sanda, asomewe, jina lake liwekwe. Basi. Simshitaki mtu mimi. Nikishamzika, mikutano yenu nitakuja yote, na nitakaa mbele."

Nilichukua kalamu nikaandika juu ya maneno yake, "Sarafu na kadhalika." Ilikuwa ni kumsaidia.

Swali la kumi na tano linauliza eneo. Akasema Bonde la Mitondoo, kule malori ya waliochukuliwa yalikokuwa yanaelekea mwaka ule. Hapa ndipo watu wamenisema sana, kwa hiyo naomba mnisikilize. Tunayo orodha ya maeneo yaliyokatazwa, na orodha ile hutengenezwa kwa kuangalia ramani. Sasa Bonde la Mitondoo lilifutwa kwenye ramani mwaka ule ule wa malori. Ukiangalia pale ni peupe, kama mahali ambapo Mungu alipumzika. Halimo kwenye ramani, kwa hiyo halimo kwenye orodha, kwa hiyo halikatazwi. Nikapiga muhuri. Kama ni kosa, nimehojiwa juu yake mara saba, na kila aliyenihoji alishindwa kuniandikia kosa lenyewe, maana ingembidi alitaje bonde.

Kila Ijumaa msakaji anatakiwa kuleta alichopata mbele ya Profesa Ngwali, Mtambuzi Mkuu wa Taifa. Profesa hachimbi, vumbi humbana kifua. Yeye hukiweka kitu kwenye kiganja, akafumba macho, akakisikiliza, kisha akataja umri wake. Hajawahi kukosea, kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kutaja.

Ijumaa ya kwanza Bi Mwanahija alileta maganda ya risasi sitini na mbili kwenye kopo la samli.

Profesa akasikiliza. "Filimbi," akasema. "Miaka mia nne. Mababu zetu walipenda sana muziki."

"Filimbi zote hizi, Profesa, nani alikuwa anazipuliza?"

"Bendi."

"Na waliokuwa wanasikiliza?"

"Bi Mwanahija," alisema Profesa, "hili ni baraza la kitaalamu."

Akaleta vifungo, akaleta bizimu za mikanda, akaleta ufunguo wa baiskeli. Vyote vilikuwa vya miaka mia nne. Ufunguo wa baiskeli ulimsumbua kidogo Profesa, akaukalia mpaka adhuhuri, kisha akaamua ni kipini cha malkia.

Utaratibu unanitaka nikamkague msakaji kazini mara moja, nami nikaenda. Bonde ni zuri, majani yamestawi kuliko popote nilipowahi kuona. Bi Mwanahija alikuwa amejifunga kanga kiunoni, amegawa ardhi kwa kamba vipande vipande kama matuta ya viazi, na anapita na mashine yake taratibu. Ikalia. Akapiga magoti, akachimba kwa upawa, ule wa kupakulia wali wa watu mia tatu. Akatazama ndani kwa muda. Kisha akaanza kurudisha udongo kwa mikono, akaupapasa ukakaa sawa.

"Samahani baba," akaliambia shimo. Akanigeukia. "Si wangu huyu. Ana mama yake."

Katika ripoti yangu niliandika kwamba msakaji anaacha mazingira safi. Nilirudi mjini nikashindwa kula, nadhani ni jua.

Ijumaa ya kumi na nne aliingia ofisini, akauinua ule mlango kama kawaida yake, akaweka mezani furushi la kanga. Hakungoja shikamoo yangu wala nini. Akafungua. Ulikuwa mfupa wa mguu, na juu yake chuma, urefu wa kiganja, skrubu sita, zote zimekaza. Akatema mate kwenye ncha ya kanga akafuta pembeni ya chuma. 4417. Akaweka kadi ya hospitali kando yake. Mguu wa kulia. 4417.

"Nimempata," akasema. Alikuwa anatabasamu, jamani, uso wote. Sijawahi kuona mtu aliyefurahi vile ndani ya Idara ya Starehe.

Profesa Ngwali akakichukua chuma. Akafumba macho. Alikaa muda mrefu kuliko siku zote, na jasho lilimtoka, kwani mle ndani mlikuwa na watu wawili wa Wizara ya Utulivu waliokuja bila kuitwa, wamesimama karibu na kabati.

"Miaka mia tano," akasema hatimaye.

"Profesa, hizo ni skrubu," alisema Bi Mwanahija kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni aliyekosea nyumba.

"Naam! Skrubu!" Profesa akasimama. Mtu akianza kupona hofu huwa na sauti kubwa. "Dunia inatuambia upasuaji wa mifupa ulianza kwao. Uongo! Hapa, Shwari, miaka mia tano iliyopita, tabibu wa kwetu alimfungua mtu mguu, akamtia chuma, akakaza skrubu sita! Na bisibisi ya nani? Yetu!"

"Na hiyo namba?" nikajikuta nimeuliza.

"Hesabu zilianza kwetu. Wenzetu tuliwaazima."

Bi Mwanahija akasogeza kadi. Profesa akaisoma, na namshukuru kwamba aliisoma yote. "Kadi hii ni ushahidi mkubwa," akasema. "Inathibitisha kwamba hospitali zetu zinaendelea kufuata namba za mababu. Tutaihifadhi." Mmoja wa wale waliosimama karibu na kabati akaitia mfukoni.

"Huyu ni mwanangu," alisema Bi Mwanahija.

"Sote ni wana wa historia, bibi."

Ndipo akanigeukia mimi. "Bwana Faki, mwanangu. Wewe kadi umeiona mapema kabla hawajaja hawa. Uliishika. Waambie."

Nilikuwa nimeng'ata kifuniko cha kalamu. Wale wawili walinitazama, wala si kwa ubaya, walinitazama tu. Nina watoto wanne. Niliona aibu, nakiri, iliyonishika mpaka masikio, lakini aibu haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Profesa akaniambia niandae kibandiko, nami nikaandika kwa hati yangu nzuri: *Mguu wa Mfalme Tabibu. Miaka mia tano. Usiguse.*

Kilichofuata mnakijua, mlikuwepo. Stempu zilitoka zenye picha ya mguu. Watoto shuleni wakafundishwa wimbo wa skrubu sita. Madaktari wakapewa agizo la kuinama kidogo kila wanaposhika bisibisi. Bonde la Mitondoo likarudishwa kwenye ramani kwa jina jipya, Bonde la Mabingwa, na siku hiyo hiyo likaingizwa kwenye orodha ya maeneo yaliyokatazwa.

Lakini kabla halijaingizwa, ofisini kwangu palikuwa hapatoshi. Akina mama walitoka wilaya zote. Walipanga foleni mpaka kwenye ngazi, hawaongei, kila mmoja anataka mashine. Swali la kumi na nne walilijaza wenyewe. Mmoja aliandika *jino la dhahabu, la mbele*. Mwingine *zipu ya jaketi*. Mwingine *bakora yenye kichwa cha shaba, alipewa na babu yake*. Mwingine *ufunguo wa mlango wetu wa nyuma*. Nikajiuliza, hivi akina mama wa nchi hii wamependa vya kale tangu lini? Na kwa nini hakuna hata mmoja anayependa sarafu?

Wizara nayo ikajiuliza. Ukaja waraka kwamba mashine zote ziletwe zikapimwe afya. Zikaletwa. Zikarudishwa baada ya wiki mbili zimepigwa rangi, zina stika ya bendera, na hazilii tena. Unaweza kuipitisha juu ya reli, kimya. Waraka wa pili ukafafanua kuwa kelele zilikuwa zinawasumbua mababu.

Sasa Mfalme Tabibu ilibidi azikwe kitaifa. Wananchi walipangwa barabarani, na ratiba ikagawiwa: kulia kwa wananchi, saa nne na dakika tano hadi saa nne na robo. Watu walilia kwa wakati, nawapongeza. Saa nne na robo kengele ikagongwa, wakafuta macho.

Isipokuwa mmoja. Mstari wa mbele kabisa, kwenye kamba, Bi Mwanahija alikuwa bado analia. Hakulia kwa ratiba huyo. Alilia kwa sauti inayotoka chini tumboni, mpaka bendi ikapoteza mdundo, na ndani ya kilio kulikuwa na neno moja analirudia. Askari wawili wakamwendea. Waziri wa Fahari na Kumbukumbu akawazuia kwa mkono, kwani kamera zilikuwa zimeshageuka, akashuka jukwaani na kipaza sauti.

"Bibi, unamlilia Mfalme?"

"Machano," akasema Bi Mwanahija kwenye kipaza sauti. "Namlilia Machano wangu."

"Na wewe jina lake umelijuaje?"

"Nilimpa mwenyewe."

Niliona masikio ya Profesa Ngwali yamebadilika rangi. Lakini Waziri hakuupata uwaziri kwa bahati. Alihesabu pumzi tatu, kisha akainua mkono wa Bi Mwanahija juu kama wa bondia aliyeshinda.

"Wananchi! Mababu wamesema kupitia kinywa cha bibi huyu! Miezi mitatu wataalamu wetu wamekesha wakitafuta jina la Mfalme, leo limeletwa! Machano wa Kwanza, oyee!"

"Oyee!" wakaitikia.

Jina lilichongwa kwenye shaba wiki ile ile: *MFALME MACHANO WA KWANZA, BINGWA WA MIFUPA.* Siku ya kulibandika nilikuwepo, na Bi Mwanahija aliruhusiwa kwa heshima ya kilio chake. Alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, hayo mengine akayaruka. Sanda mwanawe alivishwa, ya hariri. Alisomewa. Bi Mwanahija akageuka akanitazama.

"Si haba, mwanangu," akasema. "Jina lipo."

Nami nikasema moyoni, afadhali, mambo yameisha vizuri. Nililala usingizi siku hiyo.

Jumatatu ikatoka Amri ya Kulinda Jina la Mfalme. Raia yeyote, aliye hai, aliyekufa au aliyesafiri, asiitwe Machano. Waliokuwa wanaitwa hivyo wafutwe kwenye vitabu vya vizazi, na wenye uhai wachague jina jingine kabla ya Alhamisi. Vitabu vililetwa kwetu kwa kuwa tuna rula. Machano walikuwa mia mbili na sita. Nilipofika kwenye ukurasa wenye jina la mama Mwanahija Vuai, nilisita. Kisha nikapiga mstari, umenyooka kabisa, mnaweza kwenda kuuangalia. Chini yake nikaandika kama nilivyoagizwa: *Hakuzaliwa.*

Ijumaa akaja kuomba kibali cha kuzuru kaburi. Kaburi limezungushiwa uzio, wanaoingia ni wageni kutoka nje na ndugu wa marehemu tu. Kwenye *Uhusiano na marehemu* aliandika *Mama*. Nikapeleka juu. Ikarudi na maelezo ya Profesa: mama wa mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita, yeye mwenyewe atakuwa alikufa si chini ya miaka mia nne na themanini iliyopita, mwombaji aamue kama si mama, au ni marehemu.

Nilimsomea mara mbili. Nilitamani niwe na sauti ya mtu mwingine.

"Chagua, mama," nikamwambia. "Ukisema si mama yake, hapana kibali, lakini unabaki raia. Ukisema mama, ndiyo hivyo tena, wewe umeshafariki."

Hakufikiri hata kidogo.

"Andika nimekufa."

Nikaandika. Nikapiga muhuri.

"Haya," akasema, akaweka mikono yake yenye makovu juu ya meza yangu. "Sasa kama nimekufa, nizikeni alipo yeye."

Nilifungua droo zote tatu. Nilipanda kiti nikaangalia juu ya kabati. "Hakuna fomu, mama," nikamwambia. Wala sikuona sababu ya yeye kunipangusa machozi kwa ncha ya kanga yake, lakini alinipangusa, kisha akainua mlango akatoka.

Marehemu haruhusiwi kuingia kaburini kwa Mfalme, hilo liko wazi. Lakini leseni yake ya starehe ya tisa haijaisha muda, na nje ya uzio ni ardhi ya wote. Basi kila siku baada ya alasiri yupo pale, anapita na ile mashine yake iliyopigwa rangi, taratibu, akiufuata uzio. Mlinzi wa zamu amenieleza, na nimekwenda kuhakikisha kwa macho yangu, maana ndiyo kazi yangu. Anatembea kimya upande wa kwanza, upande wa pili, upande wa tatu. Akifika upande wa nne, palipo karibu zaidi na kichwa cha kaburi, anasimama, anaishusha sahani ikagusa majani, na kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ndogo, anasema: "Tiii."

Nimeandika kwenye ripoti ya robo mwaka kwamba mashine ya marehemu Bi Mwanahija Vuai inafanya kazi vizuri.